Kadi ya kipaimara kwenye GIMP: napunguza picha ya mtoto, kadi nzima inapungua

Kijana wa Rau (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Nipo kwenye steshenari ya binamu yangu hapa Rau. Msimu wa kipaimara umefika na kadi zote zimeangukia kwangu, kwa kuwa mimi ndiye "anayejua kompyuta". Tunatumia GIMP 2.10, ile programu ya bure ya kuhariri picha. Photoshop hatuna, na hata tungekuwa nayo, mashine yenyewe ina RAM ya giga 4 tu.

Kadi ni A5 ya kusimama. Nyuma nimeweka Kibo, nimeipiga kwa simu asubuhi mapema kabla mawingu hayajaufunika mlima. Juu yake kuna mtoto mwenyewe, amesimama na gauni jeupe mbele ya migomba. Nimemkata taratibu hadi kwenye lesi ya mikono, sina wasiwasi na hapo. Chini pembeni mteja anataka picha ya bibi aliyemlea huyo mtoto. Halafu jina, usharika, tarehe na mahali pa sherehe.

Sasa shida zinaanza. Nikimleta mtoto kwenye kadi anakuja mkubwa kuliko kadi, naona kidevu na kifua tu. Nikienda "Scale Image" ili nimpunguze, mlima nao unapungua, kila kitu kinasinyaa pamoja. Kuna namna nimeipata ya kumpunguza peke yake, lakini mteja akisema "mwongeze kidogo", nikimvuta arudi, sura inaingia ukungu, kope hazionekani. Halafu kuna mistari ya vidoti inamzunguka mtoto. Nikitaka kupaka kivuli chini ya miguu yake asionekane anaelea, brashi inaishia kwenye ule mstari. Nje haipaki kabisa.

Kadi zinachukuliwa Ijumaa, na mteja ameongeza bango la ukumbini la futi 6 kwa 3, picha zile zile. Naombeni msaada.

Chalii wa Sakina (Arusha)

Oya mwanangu, "Scale Image" ni ya picha nzima, leya zote (yale matabaka ya picha yanayokaa moja juu ya jingine) zinaenda nayo. Wewe unataka "Scale Layer", iko kwenye menyu ya Layer. Au bonyeza Shift+S, bofya mtoto, shika kona uvute. Angalia kale kamnyororo katikati ya upana na urefu kawe kamefungwa, la sivyo mtoto anatoka mnene na mama yake anakugeuzia kibao. Na kabla hujavuta chochote, tazama kwenye orodha ya leya ni ipi imechaguliwa. Watu wengi wanavuta mlima huku wanamtazama mtoto.

Hilo la ukungu ndiyo hasara ya GIMP, aisee. Kwenye Photoshop kuna Smart Object, unapunguza na kuongeza mpaka uchoke. Mimi natengeneza matangazo ya safari, siwezi kufanya kazi bila hiyo. Tafuta mashine yenye nguvu bwana.

Mama wa Printi (Moshi, Kiusa)

Kijana wa Rau, chalii amekujibu sawasawa kuhusu "Scale Layer". Hilo la kutafuta mashine mpya kabla ya Ijumaa tumwachie yeye mwenye wateja wa dola.

Naomba uanze na karatasi, usianze na picha. Vijana wengi wanafungua picha ya mlima kwanza, kisha wanaanza kurundika vitu juu yake, halafu saa ya kuchapa ndipo wanakumbuka kuna karatasi. A5 ni milimita 148 kwa 210. Kitu cha kushikwa mkononi tunakihesabia vidoti 300 kwa inchi, kwa hiyo fungua faili jipya la pikseli (vile viraba vidogo vya rangi vinavyounda picha) 1748 kwa 2480. Kama kadi zitachapwa kwenye karatasi kubwa na kukatwa, ongeza milimita 3 kila upande: inakuwa 154 kwa 216, yaani pikseli 1819 kwa 2551. Kibo ijae mpaka huko ukingoni, maana kisu hakikati pale pale kila mara na mstari mweupe pembeni ya kadi unaudhi kuliko kosa la herufi. Sura na maandishi yakae ndani, mbali na kisu. Ukishafanya hivyo kadi ina ukubwa wake, na "Scale Image" huigusi tena. Hapa dukani nimewakataza kabisa wanaonisaidia kuifungua kazi ikiwa katikati.

Ndipo ulete picha, kwa "Open as Layers", Ctrl+Alt+O. Mtoto atakuja mkubwa. Mwache. Simu nyingi za sasa zinatoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, zingine zaidi, na kadi yako ina 1819 tu kwa upana. GIMP ikileta leya haitazami sentimita, inatazama pikseli: moja ya simu inakaa juu ya moja ya kadi. Ile sehemu usiyoiona haijakatwa, iko nje ya kadi pale pale. Mshike kwa zana ya "Move", msogeze, utaona miguu inaingia. Kwa hiyo akija mkubwa furahi. Picha ya kuogopa ni ile inayokuja ndogo.

Sasa ukungu, maana hapa ndipo kwenye kazi yenyewe. Tuseme mtoto ana pikseli 3000 kutoka utosini hadi viatuni, na wewe unamtaka awe na 1000. Programu inachukua pikseli tisa za zamani, tatu kwa tatu, inatengeneza moja inayofanana na zote kwa pamoja, na zile tisa inazitupa. Kope moja lilikuwa na upana wa pikseli mbili. Baada ya hapo halipo tena. Limechanganywa na ngozi ya jicho, limekuwa doa la kahawia ndani ya pikseli moja. Mteja akisema mwongeze, GIMP haina mahali pa kuzitoa zilizotupwa. Inakisia: inatazama pikseli mbili jirani na kujaza katikati yake rangi ya wastani. Maziwa ukiyaongeza maji yanajaa sufuria, lakini maziwa ni yale yale. Na ukimpunguza, ukamwongeza, ukampunguza tena nukta kidogo, basi safari ya pili na ya tatu programu inakisia juu ya makisio yake yenyewe.

Dawa yake haihitaji mashine mpya. Kabla hujamgusa mtoto, bonyeza Shift+Ctrl+D upate nakala ya leya. Moja iite "mtoto asili", funga kijicho chake kwenye orodha ya leya isionekane, na usiiguse mpaka kadi zimelipwa. Unafanya kazi na ile nyingine. Mteja akibadili mawazo, futa uliyoipunguza, toa nakala mpya kwenye asili, ipunguze mara moja hadi saizi mpya. Na watabadili mawazo, usiwe na shaka. Mama atataka mtoto aonekane zaidi, baba atataka jina la ukoo lisomeke, shangazi aliyeshuka na basi kutoka Dar atauliza mbona mlima uko nyuma sana.

Chalii anasema Smart Object. Ni kweli, Photoshop wanayo tangu toleo la CS2 la mwaka 2005, na ni kitu kizuri. Lakini inachofanya ni hiki hiki: inakufichia asili ndani ya leya, kila ukivuta inarudi kwenye asili na kuanza upya. Haizalishi pikseli. Ukivuta kupita ukubwa wa asili, ukungu ni ule ule, tofauti ni kwamba umeulipia.

Ile mistari ya vidoti vya njano na vyeusi ni mpaka wa leya. Kwenye GIMP kila leya ina eneo lake, ndogo kuliko kadi au kubwa kuliko kadi, na brashi haipaki nje ya eneo hilo. Lakini kivuli hata usikipake kwenye leya ya mtoto. Fungua leya mpya tupu, GIMP itaipa ukubwa wa kadi nzima, iweke kati ya mtoto na mlima, paka kwa brashi laini, kisha shusha "Opacity", yaani ukolezo wa leya, mpaka ifanane na jua la picha. Mtoto ukimsogeza kesho, kivuli unakisogeza kivyake. Ukitaka kwa sababu nyingine eneo la leya liongezeke bila kumvuta aliyemo, amri ni "Layer to Image Size": inaweka nafasi tupu pembeni, basi. Jina lake limekaa vibaya, linasikika kama la kukuza picha, na liko menyu ile ile na "Scale Layer", ndiyo maana watu wanaliogopa. Kwenye GIMP 3.0, iliyotoka Machi 2025, wameongeza chaguo la brashi kupanua leya yenyewe unapopaka nje. Usibadilishe programu katikati ya msimu, nakutajia tu ujue.

Na mteja akitaka kadi yenyewe iwe ndefu kidogo, hiyo ni "Canvas Size". Inaongeza karatasi, picha zinabaki na ukubwa wake.

Maandishi usiyavute kwa Shift+S hata kidogo. Yakivutwa yanageuka picha, kingo zinalegea, na ukirudi na zana ya maandishi GIMP inakuonya kwamba ukihariri, ulichovuta kinapotea. Ingia kwenye maandishi, badilisha namba ya fonti.

Kijana wa Rau

Shikamoo Mama. Asante sana, mtoto amekaa vizuri, kivuli kimekubali, sasa anakanyaga chini. Na nimeona kweli, ukimtoa kwenye asili kila mara kope zinabaki.

Imebaki bibi. Mama mtoto aliiweka picha ya karatasi mezani, akaipiga kwa simu, akanitumia WhatsApp. "Image Properties" inasema 1200 kwa 1600, lakini bibi mwenyewe yuko katikati pale, kwingine kote ni kitambaa cha meza. Nikimkata anabaki na pikseli 260 kwa upana, na mwanga wa taa umempiga kwenye paji la uso.

Halafu bango. Nimepiga hesabu ya futi 6 kwa 3 kwa vidoti 300: pikseli 21,600 kwa 10,800. Nilipobonyeza OK mashine iliganda, nikaizima kwenye kitufe.

Dada wa Njiro (Arusha)

Shikamoo Mama wa Printi, naomba nidandie hapo hapo. Mimi napiga picha za harusi na send-off. Kuna wachapaji wakiona picha yangu ina "72" (vidoti kwa inchi) wanairudisha, wanataka "300". Nikiingia "Print Size" nikabadilisha namba tu, wanapokea na hawalalamiki tena. Je, ubora umeongezeka kweli au tunadanganyana?

Mama wa Printi

Marahaba wanangu.

Dada, mnadanganyana, tena kwa upendo. Ile namba ni maelekezo kwa karatasi. Picha ya pikseli 1600 kwa 1200 ukiiandikia 72 inasema "nichape inchi 22 kwa upana". Ukiiandikia 300 inasema "nichape inchi 5 na kidogo". Pikseli ni zile zile, hakuna hata moja iliyozaliwa. Mchapaji anaipokea kwa sababu anasoma lebo, hahesabu kilichomo ndani. Wewe gawa tu: pikseli za upana kwa inchi za upana wa karatasi. Albamu ya inchi 12 na picha ya pikseli 3600, una 300, hata kama lebo inasema 72. Picha ya 1200 kwenye ukurasa huo huo una 100, hata ukiandika 300 kwa wino mwekundu.

Kijana, tuje kwa bibi. Kwenye kadi unamtaka wa upana gani? Ukimweka sentimita 3, pikseli 260 zinakupa kama vidoti 220 kwa inchi. Kwa picha ndogo ya kona inasomeka, sitakudanganya kwamba haifai. Kinachomharibu ni ile taa. Pale ilipopiga pamekuwa peupe kabisa, chini yake hakuna paji la uso la kufichua, hata uhangaike na rangi namna gani. Na kwenye bango ndiyo kabisa: ukimweka sentimita 40, pikseli 260 ni kama 16 kwa inchi, watu watahesabu miraba usoni kwa mama wa watu.

Kwa hiyo mwambie mama mtoto alete picha yenyewe ya karatasi. Kama yupo Uru au Kibosho, kuna gari kila saa, asikupe visingizio. Iskani kwa 600. Zile picha ndogo za zamani za sentimita 4 kwa 5 zinakupa pikseli 945 kwa 1181, na hapo bibi wa sentimita 40 anakuwa na 60 kwa inchi. Futa kioo cha skana kwanza kwa kitambaa kikavu, maana kwenye 600 unywele mmoja unakuwa kamba. Kama karatasi yake ni ile ya zamani yenye vinundu vinavyomeremeta, iskani, halafu igeuze robo uiskani tena. Upande mmoja huwa unatulia kuliko mwingine. Usimsafishe mpaka akawa msichana. Kanga yake ikiwa na mkunjo, acha mkunjo.

Kama ana picha ya bibi ya simu, iliyopigwa moja kwa moja, basi aitume kwa WhatsApp kama dokumenti, asiitume kama picha. Ikipita kama picha WhatsApp inaipunguza kabla haijafika kwako. Hiyo 1200 kwa 1600 uliyoiona siyo kazi ya simu yake.

Sasa bango. Hesabu yako ni sahihi, matumizi yake ndiyo hayafai. Pikseli 21,600 kwa 10,800 ni milioni 233, na kila moja inataka baiti 4, kwa hiyo leya moja tu inakula megabaiti 933. Una mlima, mtoto, asili ya mtoto, kivuli, bibi. Giga 4 zako zinaishia wapi?

Hii 300 tumeikariri kama amri ya dini, na wengi hawajui ilikotoka. Jicho la mtu mzima lenye afya linatenganisha vidoti viwili vikiwa vimeachana kwa sehemu moja ya 60 ya digrii. Kadi unaishika kama sentimita 30 kutoka usoni. Kwa umbali huo, sehemu hiyo ya digrii ni milimita 0.087. Gawa inchi moja, milimita 25.4, kwa hiyo 0.087: unapata 290 na ushee. Ndiyo 300 yetu. Ni ya kitu kilicho mkononi. Rudi nyuma mita 3, milimita inakuwa 0.87, na vidoti vinavyohitajika vinashuka hadi 29 kwa inchi. Bango la ukumbini liko nyuma ya meza kuu. Wa karibu kabisa ni mpambaji na watoto wanaokimbia. Kwa mtu wa mita moja na nusu inatosha kama 58. Mimi huweka 72 nipate akiba: futi 6 ni inchi 72, futi 3 ni inchi 36, faili linakuwa pikseli 5184 kwa 2592. Leya moja sasa ni kama megabaiti 54. Mashine yako itafanya kazi hiyo huku unasikiliza redio.

Enzi za filamu, negativu ilikuwa milimita 24 kwa 36, tuliikuza mpaka picha ya kuning'iniza sebuleni, chembe zinaonekana waziwazi ukisogea, na hakuna aliyesogea. Walikaa kwenye kochi wakaitazama kutoka kwenye kochi.

Lakini sikiliza hapa: usichukue kadi iliyokamilika ukaivuta iwe bango. Kadi imesimama, bango limelala, na kila kilichomo kwenye kadi kimeshapunguzwa. Fungua faili jipya la bango, rudi kwenye asili zote. Kibo ya pikseli 4000 utaivuta kufika 5184, hiyo ni asilimia 130, mlima unavumilia. Theluji na anga havina kope. Urefu utazidi, kata anga au kata mashamba ya mbele, amua wewe, mimi ningekata anga. Mtoto wa pikseli 3000 unampunguza kidogo tu aingie kwenye 2592, hapo hakuna kukisia kokote. Ukiwa na vitu vingi vya kusogeza pamoja, viweke kwenye kundi la leya, Shift+S ukiitumia kwenye kundi inavivuta vyote kwa kipimo kimoja.

Chalii wa Sakina

Shikamoo mama, nimenyoosha mikono kwenye hiyo hesabu ya jicho. Mimi mabango ya futi 10 nilikuwa naangalia tu kama faili linafunguka.

Niongeze ya Photoshop kwa watakaosoma baadaye. Geuza leya iwe Smart Object KABLA ya kuipunguza. Ukiipunguza kwanza ndipo ukageuza, umefungia ile ndogo, na hiyo ndiyo itakuwa asili yako. Ikishakuwa Smart Object, ukibonyeza Ctrl+T juu utaona asilimia ya kweli ukilinganisha na asili: ikiwa 40, una nafasi, ikipita 100, umeanza kukisia kama mama alivyosema. Leya ya kawaida haikuambii, kila ukibonyeza Ctrl+T inajifanya iko 100.

Na wale wa zamani wenye mazoea ya kushika Shift wakivuta kona: tangu Photoshop CC 2019 wamegeuza. Kona inavuta kwa uwiano yenyewe, ukishika Shift ndiyo unaharibu. Kuna jamaa hapa Arusha alimtoa bwana harusi mpana kwenye kadi nzima kwa kidole kile kile kilichomlinda miaka yote.

Dada wa Njiro, kwenye "Image Size" ya Photoshop kuna kisanduku cha "Resample". Ukitaka kubadilisha lebo tu, kiondolee alama. Kikiwa na alama ukaandika 300 badala ya 72, hapo programu inazalisha pikseli za kukisia kweli, na faili linanenepa bure.

Kijana, kama mteja ataweka ile QR code ya kutuma mchango, ikikuzwa kwa njia ya kawaida kingo zinakuwa za kijivu na simu zingine zinashindwa kuisoma. Kwenye "Scale Layer", pale "Interpolation", chagua "None", na ukuze kwa mara kamili, mara 2, mara 3, mara 4. Usikuze mara mbili na nusu. Halafu ijaribu kwa simu yako ikiwa bado kwenye skrini, kisha tena kwenye karatasi ya kwanza kabla hujachapa zote.

Kijana wa Rau

Asanteni sana. Bango nimelifungua kwa 5184 kwa 2592, mashine haijalalamika. Picha ya bibi inakuja kesho na bodaboda. Swali la mwisho: nampelekea mwenye mashine ya mabango faili gani? Anasema "lete tu chochote".

Mama wa Printi

Anayesema "lete chochote" atakuvutia bango mpaka likae anavyotaka yeye. Usimwachie.

Hifadhi kwanza XCF yako, hiyo ndiyo yenye leya, na nakala yake iweke kwenye flashi, maana umeme wetu unaujua. Kisha Ctrl+Shift+E, toa JPG, ubora weka 95. JPG haina leya, kila kitu kinagandamana, kwa hiyo usifute XCF ukidhani umemaliza. Kabla ya kutoa, hakikisha kijicho cha "mtoto asili" kimefungwa.

Kwenye jina la faili andika vipimo: sentimita 183 kwa 91. Muulize wanakunja ukingo kiasi gani kabla ya kupiga matundu ya kamba. Mimi huacha sentimita 5 kila upande bila maandishi na bila mguu wa mtu, ambayo kwenye faili lako ni kama pikseli 142. Mlima upite mpaka mwisho, viatu vya mtoto viishie juu ya hapo. Na ukifika kwake simama nyuma ya fundi wakati anafungua faili. Akishika kona ya picha avute, mwambie aache, vipimo vimeshatimia.